Siku ya Mgeni Kunyamaza

Madaftari yake kumi na moja yamo kabatini kwangu, Chamwino, na kwa miezi mingi hakuna aliyeweza kuyasoma. Si kwamba mwandiko ni mbaya. Aliandika kwa hatimkato, vile vistari na vitone walivyofundishwa makatibu muhtasi enzi za mashine za kuchapa, ili wayanase maneno ya mkubwa yakiwa bado mdomoni. Ukimfungulia kijana wa leo ukurasa mmoja, atakuuliza kama kuku alipita juu yake na matope miguuni.

Humo ndimo ilimo kazi ya maisha yake ya pili, maana ile ya kwanza aliistaafia. Na kiharusi kilipompiga na kuondoka na maneno yake, kazi hiyo ilisimama. Makampuni yakawa yanapiga simu: tunaye mtu wa kujitolea wiki sita, tumpeleke wapi? Asasi zikawa zinapiga: Mshenga alituahidi mtu, mbona kimya? Wote walinipigia mimi, eti kwa sababu nilikuwa karibu naye. Nami nilifungua daftari, nikatazama nyayo za kuku, nikafunga.

Ndiyo, tulimwita Mshenga. Jina lake lipo kwenye kitambulisho, lakini ukiuliza kwa jina hilo huko Mkonze anakoishi, watu watakutazama tu. Ukisema Mshenga, hata bodaboda atakupeleka mpaka mlangoni. Upande mmoja walikuwapo watu wa makampuni, wenye ujuzi wao wa kupanga stoo, kutengeneza kompyuta, kuandika mikataba, ambao waajiri wao waliwaruhusu wajitolee kwa wiki chache. Wafadhili nao walikuwapo, wenye nia njema na wasiojua waipeleke wapi. Upande wa pili tulikuwapo sisi, asasi ndogo ndogo, tunaoijua kazi yetu na watu wetu lakini hatujui hata faili liwekwe wapi ili kesho lionekane. Yeye alikwenda huku na huku, akipeleka neno na kurudisha neno, mpaka pande mbili zikae mkeka mmoja. Hakuajiriwa na mtu yeyote. Alikuwa na pensheni yake na mkoba mweusi wenye mpini uliofungwa kwa uzi wa viatu.

Mimi nilianza kwa kumwandikia barua. Niliandika kama tunavyoandika watu wa asasi, kwamba kituo chetu kinahudumia watoto wenye mtindio wa ubongo, na kwamba kinahitaji kujengewa uwezo. Barua ilirudi kesho yake, mkononi mwake mwenyewe. Alisimama mlangoni, ushungi umejaa vumbi, akaikagua ofisi kwa macho. Hapakuwa na mengi ya kukagua.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mkurugenzi wa viti viwili." Akakalia kimoja. "Uwezo gani?"

"Uwezo wa kitaasisi, mama."

"Wa kufanya nini? Anayeukosa ni nani? Anaukosa siku gani ya wiki?"

Nikababaika. Akaniachia barua yangu mezani, akaomba maji, akanywa, akaaga. Niliandika ya pili, akairudisha. Ya tatu nilimwekea maneno mazito zaidi, nikidhani labda ndiyo anayoyataka. Loo! Hiyo hata hakuimaliza. Ya nne niliiandika nikiwa na hasira, mistari mitatu tu: nina wafanyakazi watatu wa kuwapa watoto mazoezi ya viungo majumbani, watoto wenyewe wametawanyika vijijini mpaka Haneti, na kila asubuhi hatujui nani aende wapi.

Aliisoma amesimama. "Sasa umeposa," akasema, na hapo ndipo akafungua daftari.

Aliandika kwa penseli tu, iliyochongwa pande zote mbili, kwa sababu kalamu ya wino, kwa maneno yake, huondoka bila kuaga. Na aliandika bila kutazama karatasi. Macho yake yalikuwa usoni mwako muda wote, mkono ukienda wenyewe. Nilimwuliza siku moja kwa nini. Akasema amewaandikia wakubwa barua kwa miaka na miaka, na kitu alichojifunza ni kwamba mtu akisema jambo asiloliamini, nyusi zinatangulia. "Mdomo nauandika. Nyusi nazikumbuka."

Wataalamu waliokuja kwa mbwembwe aliwamaliza kwa maswali matatu. Hakuwauliza shahada. La kwanza: ukikasirika unafanyaje? La pili: ukiulizwa jambo usilolijua unasema nini? La tatu: unakula mlenda? Hili la tatu ndilo lililowachekesha, lakini yeye hakulichekea hata kidogo. Mtu asiyekula mlenda, hii mboga yetu ya kuteleza ya kila siku, alisema, atapikiwa wali na kuku peke yake. Kuku lazima akamatwe, achinjwe, anyonyolewe, na hiyo ni asubuhi nzima ya wafanyakazi wawili. Ujuzi gani huo unaoanza kwa kuwapotezea watu asubuhi?

Nakumbuka kijana mmoja wa kampuni ya simu, ametoka Dar es Salaam na miwani yake mizuri. Alipofika kwenye swali la pili akajibu, "Nitagugo mtandaoni, mama." Mshenga akaandika. Yule kijana akanyoosha shingo kuona ameandikwa nini, akakuta nyayo za kuku.

"Umeniandika vibaya, mama?"

"Nimekuandika ulivyo. Wewe nitakupa masista wa maktaba, wanagugo kuliko wewe."

Na kweli alimpeleka huko, na nasikia mpaka leo anawapigia simu kila Krismasi.

Wafadhili aliwapenda, lakini aliwapenda kama mtu anavyompenda mjomba mwenye kelele: kwa upole, na kwa kumwondolea vitu mkononi. Sharti lake lilikuwa moja, waje siku ya kawaida. Wasikute sare za kitenge, wasikute ngoma, wasikute watoto wamefundishwa wimbo. Sisi, jamani, hatukuweza. Mfadhili wa kwanza alipokuja tulichapisha bango, tukalifunga langoni tangu alfajiri, na watoto wa shule ya jirani tukawaazima waje waimbe. Mshenga akafika kabla ya mgeni. Alivuta kiti, akapanda, na umri ule wake, akafungua kamba moja moja, akalikunja bango lile vizuri kama kanga.

"Hili mtafanyia pazia," akasema, akicheka.

Ni pazia la stoo mpaka leo. Ukiingia kuchukua ndoo unasoma KARIBU MGENI WETU RA, halafu ukuta.

Mfadhili yule alitaka kutupa viti mwendo. Mshenga akamchukua kwa miguu, na joto lile, mpaka kwenye mchanga wa nyuma ya kituo, akamwambia asukume kile cha mfano alichokuja nacho. Alisukuma hatua nne, magurudumu yakazama. Viti vilivyokuja baadaye vilikuwa na magurudumu mapana, na mtu wa kutufundisha kuvitengeneza vikiharibika alikuja pamoja navyo. Hakuna aliyeaibika. Mfadhili mwenyewe aliondoka akijifuta jasho na kucheka, akimwita mama.

Lakini msidhani alikuwa malaika. Alipiga vita kuchelewa na yeye mwenyewe alichelewa kila mahali, akiingia na sababu ndefu yenye watu sita ndani yake. Alikataza zawadi za shukrani kwa ukali, kisha ukimpitishia karanga mbichi za kuchemsha mkono unakwenda wenyewe. Wakati wa zabibu ndiyo usiseme. Kuna kikundi cha wakulima pale Mkonze waliogundua udhaifu wake, wakawa wanaacha kikapu kibarazani bila jina, na yeye anauliza mtaa mzima nani ameleta huku anakula. Alikuwa na chuki ya ajabu na vibao vya plastiki vya kuvaa shingoni kwenye semina. Na alisahau siku zake za kliniki, yeye aliyekumbuka ni mtaalamu gani haelewani na pilipili.

Kulikuwa na swali aliloliuliza kila mahali, tulilisikia mpaka tukaliigiza tukiwa peke yetu. Mtaalamu akimaliza kueleza mpango wake, Mshenga ananyoosha penseli: "Ukiondoka leo, nani anajua?" Si nani ana karatasi, wala nani alihudhuria mafunzo. Nani anajua. Jina la mtu. Kama hakuna jina, wiki zinaongezwa.

Swali hilo sisi ndio tuliomharibia.

Mtu aliyetuletea kwa ile barua yangu ya nne alikuwa mpangaji wa safari za malori ya soda kwenye kampuni ya vinywaji. Tulimwita Bwana Malori. Mtu mzuri, mpole, anakula mlenda mpaka anaomba wa kuongeza. Alikaa nasi wiki tano, akachora vijiji vyote, akahesabu njia, akatuonyesha kwamba tulikuwa tunapita kijiji hicho hicho mara tatu kwa wiki na kingine hatufiki kabisa. Kisha akatutengenezea ratiba, kwenye kompyuta na kwenye karatasi kubwa ya ukutani, yenye rangi. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri hivyo katika ofisi yangu. Siku ya mwisho akauliza, "Mmeelewa?" Sote tukaitikia, "Tumeelewa!" Mshenga akauliza lile swali lake, tukataja jina langu, tukampa Bwana Malori mkono, tukapiga picha.

Ratiba ile ilipanga Haneti siku ya mnada.

Mtu wa kwetu haelezwi maana ya siku ya mnada. Ng'ombe, mbuzi, ndoo, nguo, nyama choma, kila mtu yuko huko, na nyumba unazikuta na kufuli au na bibi kizee asiyesikia. Bwana Malori hakujua, angejuaje? Kwa malori ya soda, siku ya mnada ndiyo siku yenyewe ya kwenda. Lakini sisi tulijua. Mimi nilijua tangu alipobandika karatasi ukutani. Nilijiambia, ametoka mbali, amefanya kazi usiku na mchana, atajisikia vibaya, tutairekebisha akiondoka. Halafu akaondoka na hatukuirekebisha, maana ilikuwa kazi ya mtaalamu na ilikuwa nzuri mno kuchorwachorwa na kalamu yangu.

Kwa wiki nane mfanyakazi wetu alikwenda Haneti akakuta milango imefungwa, akarudi, akaandika "familia haikuwepo." Haneti kulikuwa na binti wa miaka minne aliyekuwa ameanza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa. Sekunde chache tu, lakini mama yake alizihesabu kwa sauti, kijiji kizima kinasikia. Wiki ya tisa mama yule alikuja Chamwino kwa lori la alizeti, mtoto mgongoni.

"Nimefikiri mmetuchoka," alisema. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Tulimketisha mtoto mkekani. Akaanguka upande. Tukamketisha tena, akaanguka tena.

Mshenga alipata habari, sijui kwa nani. Alikuja siku hiyo hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alifika mapema. Akatukusanya wote wanne chini ya ile ratiba ya rangi.

"Nani alijua siku ile ni mnada?"

Ukainuka mkono wangu. Kisha mkono wa pili, wa tatu. Wote wanne.

Alitutazama mmoja mmoja. Nilisubiri kufokewa na nilitamani anifokee. Badala yake alikaa chini mkekani, karibu na yule mtoto, akavua ushungi akajifuta uso, na nikaona analia.

"Yarabi," akasema. "Mmemheshimu mgeni mpaka mmemwangusha mtoto." Halafu akasema neno ambalo bado linaniuma: "Na mimi ndiye mshenga. Nilisikia tumeelewa, nikaona nyusi zenu, nikanyamaza. Nilikuwa na haraka ya kwenda kula zabibu."

Ndipo alipotunga ile desturi yake ambayo asasi zote za huku zinaijua. Neno "tumeelewa" likapigwa marufuku. Siku ya mwisho ya kila mtaalamu ikawa Siku ya Mgeni Kunyamaza. Mgeni anakaa kiti cha pembeni, haruhusiwi kufungua mdomo kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Sisi ndio tunaofanya kazi ile aliyotufundisha, kwa mikono yetu, mbele yake, na kila kitu kisichoingia akilini tunakisema kwa sauti kana kwamba hayupo: hapa siku ya mnada imesahaulika, hapa sielewi, hiki hakitafanya kazi masika. Mgeni anaruhusiwa kugonga meza tu. Akigonga mara moja, endelea. Akigonga mara mbili, umekosea, rudi ulipoanzia. Bwana Malori mwenyewe aliomba ruhusa kazini, akarudi kwa siku moja, akakaa, akanyamaza. Tulipofika pale pa Haneti na mimi nikasema kwa sauti, "Hapa pamekosewa na tulijua," niliona masikio yake yanakuwa mekundu, mtu mweusi yule. Akagonga mara moja.

Yule binti wa Haneti anakaa sasa. Ilichukua muda mrefu kuliko ule tulioupoteza, lakini anakaa, na anarusha vitu.

Sasa niseme lile linaloniaibisha. Swali lake la "ukiondoka leo, nani anajua?" hatukuwahi kumwuliza yeye. Aliwauliza vijana wa benki, aliwauliza wahandisi, aliniuliza mimi mara zisizo na idadi, na yote aliyoyajua kuhusu watu wote hao aliyaandika kwa mwandiko usiosomwa na mtu mwingine Dodoma nzima. Tuliliona. Lakini utamwulizaje mtu mzima, aliyekuzidi umri kwa kiasi kile, akiondoka itakuwaje? Ni kama unamchimbia kaburi na yeye anakutazama. Nilijaribu mara moja, tukiwa tunamenya karanga. Nikasema, "Mama, haya madaftari yako..." Akasema, "Yana nini?" Nikasema, "Ni mengi." Akasema, "Ni mengi, ndiyo." Nikasema nimeelewa.

Miezi minne baadaye akaanguka akiwa anafua.

Binti yake ndiye aliyeniletea madaftari ndani ya ndoo ya plastiki, akasema mama amekuwa akiyaonyesha kwa kidole na kulia. Nilitafuta mtu wa kuyasoma. Nilimpata bibi mmoja hapa Chamwino, katibu muhtasi mstaafu, alijua alama lakini si vifupisho vya Mshenga mwenyewe, maana alikuwa amejibunia nusu yake. Basi nikaanza kujifunza. Mimi, na umri huu, nikakaa kila Jumamosi na yule bibi nikichora vistari kama mtoto wa chekechea, na akinisahihisha kwa kunipiga kidoleni na rula. Baada ya miezi saba niliweza kusoma sentensi mbili katika tatu.

Mwezi uliopita nikabeba daftari la mwisho, nikaenda Mkonze.

Nilimkuta barazani, kiti kimewekewa mito, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Amekonda. Ushungi umefungwa vizuri, binti yake anamjali. Mezani kulikuwa na bakuli la karanga na ile penseli, imechongwa pande zote mbili.

"Shikamoo mama."

Midomo ikahangaika. Ikatoka sauti isiyokuwa marahaba wala neno lolote, na macho yake yakajaa maji kwa hasira. Nikashika mkono wake wa kushoto. Kisha nikafanya kilichonileta. Nikafungua daftari nikaanza kumsomea.

"Wanawake wa nyuki. Wanataka mtu wa vifungashio. Mwenyekiti mkali lakini ana haki. Asipelekewe mtu wa kubembelezwa."

Aligeuza kichwa ghafla. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha mkono wa kushoto ukaokota penseli, taratibu, ukagonga meza mara moja.

Nikaendelea. Nilipokosea aligonga mara mbili, nikarudi. Kituo cha wazee. Shule ya ufundi. Daktari wa meno aliyeahidi na hakutimiza. Tukafika kwenye ukurasa wenye alama niliyoitambua kabla sijaisoma, kiti kilichochorwa mara mbili.

"Mkurugenzi," nikasoma. "Ana moyo. Ana adabu mno. Atasema ameelewa ili nisione aibu. Asiaminiwe mpaka aonyeshe."

Nusu ya mdomo wake ikacheka. Nusu tu, lakini ilikuwa ile ile ya zamani, ya kwenye bango. Tulicheka wote wawili mpaka binti yake akachungulia.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari michache, tarehe yake ni wiki ile ile ya kufua. Niliusoma kimya kwanza. Akagonga mara mbili, anataka ausikie.

"Nikiondoka leo, nani anajua?" nikasoma. "Hakuna. Nimfikirie nani? Mkurugenzi. Naogopa kumwomba. Atakubali kwa adabu."

Basi kumbe alijiuliza. Kumbe alikaa na jina langu mdomoni, na mimi nilikaa na swali langu mdomoni, tukamenya karanga, tukaheshimiana. Nililia bila kujificha. Nikamwambia, "Mama, nimeelewa."

Akagonga mara mbili.

Nilifuta machozi. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na barua ambayo nilitembea nayo kwa wiki tatu, ya mtaalamu wa vifungashio katika kiwanda cha mafuta ya alizeti, ana wiki sita, anaomba aelekezwe. Nikaitoa. Nikaweka simu mezani, kati ya bakuli na daftari, nikawasha sauti ili naye asikie, nikapiga. Mshenga akajiweka sawa kwenye mito yake. Akafumba mdomo.

Bwana yule akapokea, akaanza kunitajia shahada zake.

"Hizo utanieleza baadaye, ndugu yangu," nikasema. "Ukikasirika unafanyaje?"

Akashangaa, akacheka, akasema huwa anatoka nje anatembea kidogo. Kwenye meza, mara moja.

"Ukiulizwa jambo usilolijua?"

"Nasema sijui, mama. Halafu naomba siku mbili."

Mara moja. Nikapumua. Nikamwambia basi vizuri sana, karibu, nitakupeleka kwa wanawake wa nyuki, jiandae kuja Jumatatu.

Penseli ikagonga mara mbili, kwa nguvu, mpaka karanga zikaruka.

Nikamtazama. Alikuwa amenikazia macho, nyusi ziko juu. Nikarudi nyuma kichwani, moja, mbili... Masikini mimi.

"Ndugu, samahani, swali moja nimelisahau. Unakula mlenda?"

"Sijawahi, mama. Sisi kwetu ni Bukoba. Lakini sikatai."

Mshenga aligonga mara moja. Kisha akaisukuma ile penseli mezani kwa vidole viwili, ikabingirika mpaka ikafika kwangu. Nikafungua daftari jipya nililokuja nalo, nikaandika jina la bwana yule, na hasira yake ya kutembea, na siku zake mbili, na mlenda ambao bado hajauonja. Niliyaandika kwa herufi za kawaida, kubwa, ambazo hata mtoto wa darasa la pili angezisoma, nikaligeuza upande wake alione.